Kwa Nini Rula Hakushuka Garini

Wifi yangu hakula hongo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalozungushwa saluni, dukani na hata kwenye foleni ya benki, na kila linapopita mdomoni mwa mtu linaongezwa chumvi. Wanasema shule ile ya bwawa la kuogelea ilikuwa ikimpoza kila alipowapelekea mtoto wa mgeni. Wanasema mabati mapya ya nyumba yetu yametoka huko. Mabati yale aliyanunua marehemu mume wangu, ambaye ni kaka yake, kabla hajaanza kuugua, na fundi aliyeyapigilia misumari yu hai, ana mdomo, akaulizwe. Wengine, wanaojiona wana habari za ndani, wanasema alifukuzwa kazi. Hakufukuzwa. Alihamishwa meza.

Alichokuwa nacho wifi yangu ni wivu. Ruhusa ya kulitaja neno hilo amenipa mwenyewe, na alilitamka akiwa amesimama, bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayemtajia daktari mahali panapomuuma. Mwizi hatuna katika nyumba hii. Mwenye wivu tunaye mmoja, na nitaeleza ulivyomshika, ili wanaopenda kusimulia wasimulie kitu cha kweli.

Jina la Rula alilipata chuo cha ualimu. Hakuwa akipiga mstari kwa mkono mtupu, hata kwenye barua ya kwenda kwa mama yake. Tena alikuwa na mgongo ule alio nao mpaka leo, mgongo usiojua kuegemea kiti. Shoga yake wa chumba kimoja aliitwa Chokaa, kwa sababu vumbi la ubaoni lilimganda kwenye sketi, kwenye nyusi, mpaka kwenye kikombe cha chai. Walikuwa wakichangia pasi moja, na Rula ndiye aliyekuwa akimpigia pasi mwenzake, maana Chokaa angetoka nje na mikunjo yake bila hata kujua anayo.

Wakapangiwa shule moja ya msingi ya serikali, madarasa ya watoto wadogo, ukuta kwa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa plaiwudi na haukufika darini. Sauti ilipita juu yake kama moshi.

Hapo ndipo wivu ulipoanzia. Darasani kwa Rula watoto walikaa wima, madaftari yamefunikwa karatasi ya kaki, herufi zimepangwa kama zinasubiri kukaguliwa. Wazazi waliokuja kuangalia walitoka wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini kila siku, jua likianza kupanda, kicheko kilianza upande wa pili wa plaiwudi. Kilianza kidogo, mtoto mmoja, kisha darasa zima. Vichwa vya watoto wa Rula viligeuka vyote kwa pamoja.

"Macho mbele!"

"Mwalimu, wenzetu wanacheka nini?"

"Wanacheka ujinga. Andika."

Na yeye mwenyewe alitaka kujua. Siku moja watoto walipokwenda kucheza alipanda juu ya dawati, fagio mkononi kama mtu anayeondoa utando wa buibui, akachungulia. Aliona ubao umejaa sentensi za ovyo, zilivyotoka midomoni mwa watoto, mambo ya kuku aliyelala kabatini na babu anayekoroma. Hakuna hata moja iliyokuwa imenyooka. Akashuka, akafuta utando ambao haukuwepo.

Mbinu ile ilikuwa ya wote wawili. Walifundishwa chuoni siku moja, benchi moja: mwache mtoto aseme lake, liandike, kisha mpe alisome. Rula aliijaribu. Kila mtoto aliposema kitu, yeye alikinyoosha kwanza ndipo akakiandika, na mtoto alipokuja kukisoma hakukitambua. Akaiacha, akasema ni mbinu ya watu wasiopenda kuandaa somo. Mwisho wa mwaka wazazi wawili watatu waliomba watoto wao wahamishiwe upande wa kicheko. Hawakuwa wengi. Ila Rula aliwakariri nyuso, na mpaka leo akikutana na mmoja wao sokoni hubadili njia.

Kisha ikafunguliwa shule ya ukuta mwekundu, ya kimataifa, ya mtaala wa Kiingereza, kwa ajili ya watoto wa wageni wanaokuja kufanya kazi kwa mikataba. Walitaka mwalimu mmoja mwenyeji wa madarasa ya chini. Wakaomba wote wawili. Usaili ulikuwa kufundisha somo fupi mbele ya watoto wasiokujua. Rula aliingia kwanza, na chati alizochora mwenyewe kwa rangi tatu. Lilikuwa somo safi. Watoto walikaa kimya, wakajibu walipoulizwa, na wasaili walimshukuru sana. Alipotoka alimkuta Chokaa kwenye benchi anatafuna karanga.

"Vipi huko, shoga?"

"Kawaida. Pangusa mdomo."

Chokaa akaingia. Rula alikuwa bado anazikunja chati zake aliposikia, nyuma ya mlango uliofungwa, kile kicheko. Akajua. Alisema "hongera, shoga" kwa tabasamu lililomuuma mpaka masikioni, na siku ile ndiyo ya mwisho kumpigia Chokaa nguo pasi. Mwaka haukuisha, akaacha ualimu.

Akaajiriwa na kampuni inayoleta wataalamu kutoka nje, ofisi ya wageni. Kazi yake ilikuwa kuwapokea, kuwapangia nyumba, kuwaonyesha hospitali, na zaidi ya yote kuwatafutia watoto shule. Mgeni huvumilia maji ya manjano bombani. Mtoto wake akilia kila asubuhi hataki shule, mkataba wa miaka mitatu haufiki hata mmoja. Shule za msingi za mtaala wa Kiingereza zilikuwa mbili, hiyo ya ukuta mwekundu na nyingine yenye bwawa la kuogelea. Familia nyingi zilitaka mtaala huo hata kama Kiingereza si lugha yao, kwa kuwa mtoto akitoka mwaka wa pili hapa, baba akihamishiwa nchi nyingine, anaingia mwaka wa pili kule na kukuta kitabu kilekile mezani.

Rula aliijua kazi hiyo. Akiingia shule hakutazama geti wala maua. Alitazama kama misumari ya kutundikia mabegi iko kimo cha mtoto au kimo cha mwalimu. Alitazama picha zilizobandikwa ukutani: zikiwa zote ni ua moja lenye rangi moja, alijua mwalimu ndiye aliyechora. Alimsikiliza mlinzi anavyoongea na mtoto aliyechelewa. Alinusa vyoo. Wamama wa kigeni walimpenda, wakamwita mshauri wao, wakamletea chokoleti kutoka likizo. Chokoleti ndiyo hongo pekee iliyowahi kuingia nyumba hii, na watoto wa jirani ndio walioila.

Ila alikuwa na ratiba yake. Shule ina uso kama mtu, asubuhi umenawa, mchana una jasho. Familia ikifika, Rula aliipeleka shule ya bwawa asubuhi, watoto wako kwenye mkusanyiko wanaimba, sare bado zina alama za pasi, maji ya bwawa yanameremeta. Shule ya ukuta mwekundu aliipangia mchana, baada ya chakula, jua limewachoma, mtoto mmoja analilia kiatu, jikoni wanagonganisha masufuria, na mgeni mwenyewe ana usingizi na miguu imevimba kwa joto. Hakusema neno baya hata moja. Akiulizwa alijibu, "Zote ni nzuri, mtaona wenyewe." Wakaona. Karibu wote wakachagua bwawa.

Na yeye, kwenye ukuta mwekundu, hakuwa akishuka garini. Aliwakabidhi wageni kwa katibu wa shule pale getini, akarudi kukaa nyuma ya dereva na dirisha nusu.

"Mama, leo pia hushuki?" dereva alikuwa akimuuliza.

"Nashukia nini? Miguu inauma."

"Miguu yako nayo ina ubaguzi. Kule bwawani asubuhi ilikuwa inakimbia."

"Endesha gari, wewe."

"Gari limesimama, mama."

Miaka ikaenda hivyo. Chokaa akapandishwa, akawa mkuu wa madarasa ya chini. Habari hiyo Rula aliipata kwa karani wa viza, mwanamke ambaye masikio yake ni makubwa kuliko dawati lake, na siku ile alirudi nyumbani akasugua masufuria ambayo yalikuwa yameshasuguliwa. Muhula uliofuata familia mbili, moja baada ya nyingine, zilichagua ukuta mwekundu licha ya jua, licha ya masufuria. Rula alishindwa kuelewa. Alikosa raha kama mtu aliyeonjewa chumvi ya mchuzi wake na mtu asiyemwona.

Ndipo akaja yule mtoto.

Alikuwa msichana anayekaribia miaka minane, mrefu kuliko umri wake, magoti yametangulia mwili. Baba yake ni fundi wa mitambo ya umeme. Mama yake alikuwa mtu wa kuongea harakaharaka huku anatazama saa. Kiingereza mtoto alikiongea vizuri, amekiokota kwa watoto wa majirani katika nchi mbili walizopita. Kusoma hakujua. Kwao watoto huanza kusoma wakifika miaka saba, na yeye alipofika saba walikuwa wanafunga masanduku. Katika mtaala huu mtoto huanza na miaka mitano, na wa umri wake yuko mwaka wa tatu, anasoma hadithi ndefu na kuziandikia majibu. Kwa hiyo hakuwa mzito. Alikuwa hajaanza tu. Rula alilielewa hilo kabla mama hajamaliza kueleza, na kitu kingine alikielewa papo hapo akakimeza: mtoto wa namna hii, katika mji mzima, anamfaa mwalimu mmoja.

Ratiba hakuibadili. Asubuhi bwawa, mchana ukuta.

Kwenye shule ya bwawa mkuu wa shule aliwapokea kwa sauti ya pole. Baada ya nyimbo na maji kumeremeta alimpa msichana kitabu. "Tusomee kidogo tu, usiogope." Msichana akakifungua. Akatazama ukurasa, akasubiri, akageuza. Akatazama, akasubiri, akageuza. Rula aliona kwamba anageuza kila mkuu anapotikisa kichwa. Mkuu naye akaona, akakichukua kitabu taratibu.

"Mtoto mzuri. Tutamweka mwaka wa kwanza kwa muda, na wale wa miaka mitano, mpaka azishike herufi. Ni kwa faida yake."

Mama akakubali kwa kichwa, uso umemwiva. Msichana alikuwa anachungulia kwenye kioo cha mlango wa darasa la wadogo.

Garini walipita mataa. Kisha msichana akamgeukia Rula, si mama yake.

"Viti vyao ni vidogo."

"Watakutafutia kikubwa."

"Kikubwa kimoja katikati ya vidogo?"

Dereva akaongeza sauti ya redio, akaipunguza tena.

Mchana, kwenye ukuta mwekundu, Rula alifungua mlango wa gari ili wageni washuke, na mtoto akamshika mkono wa gauni. Hashuki bila yeye. Mama akambembeleza, akamkaripia kwa lugha yao. Mtoto hakulia, aliushika tu ule mkono, kitambaa kimekunjika ngumini.

"Naona leo miguu itapona," dereva akasema akitazama mbele.

Akashuka. Katibu akawapitisha ukumbini, jikoni wanagonganisha masufuria kama alivyotarajia, mpaka chumba cha mwisho. Kwenye mkeka walikaa watoto sita au saba, wakubwa wote, wa miaka saba, minane, hata tisa, wa rangi na lafudhi mbalimbali. Mbele yao alisimama Chokaa, nywele zimeanza mvi. Shule ina skrini kila darasa. Yake ilikuwa imefunikwa kanga na ubao mweusi umewekwa mbele yake. Nyusi zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

Alimwona Rula. Hakustuka hata kidogo, na hilo lilimchoma Rula kuliko kitu chochote.

"Karibuni. Aliyechoka akae. Ambaye hajachoka akae pia, asituringie."

Watoto wakacheka. Kicheko kilekile. Msichana akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Wewe mgeni wetu, niambie kitu ambacho humu ndani hakuna anayekijua ila wewe."

Msichana akasema kwa sauti ndogo, "Mbwa wetu amebaki kwa bibi kwa sababu anatapika kwenye ndege."

Mkeka ukaangua kicheko, na msichana, ambaye alikuwa amejikunja, akaona kwamba hawamcheki yeye, wanamcheka mbwa. Chokaa akaiandika sentensi nzima, na matapishi yake. "Haya, umesema nini?" Mtoto akaisoma, maana aliijua, ilikuwa yake. Chokaa akamwambia aisome tena huku anagusa kila neno. Kisha akafuta moja. "Nani amekimbia?"

"Anatapika!"

"Mrudishe."

Msichana akainuka, magoti yake yote, akachukua chaki. Aliandika herufi ya kwanza, ya pili ikageuka nyuma mbele, ya tatu ikapanda mlimani. Kidole cha Rula kilijikunja chenyewe kutaka kuinyoosha. Chokaa hakuinyoosha. Alisema, "Amerudi, lakini bado ana kizunguzungu," na mtoto akacheka, akafuta, akaigeuza mwenyewe.

Mama mtu alikuwa amesahau saa yake. Rula alisimama ukutani na kifua kimejaa. Nataka ieleweke kwamba hakuguswa, kama wanavyoguswa watu wa hadithini. Aliona gere. Alimwonea Chokaa gere mpaka mate yakawa machungu, kwa sababu kitu kile kilikuwa chepesi, na alikijua, na alikaa benchi moja naye walipofundishwa.

Wageni walipokwenda kuona maktaba, Chokaa akatoka barazani akipangusa mikono kwenye sketi.

"Shoga. Leo umeshuka."

"Nimeshushwa."

"Hata hivyo umefika. Kila mwaka nakuona kule getini na kioo nusu. Nikawa najiuliza, huyu ananilinda au ananiwinda?"

"Nina kazi, Chokaa. Si kila mtu anakaa mkekani."

"Kazi yako naijua. Bwawa asubuhi, mimi mchana. Unadhani sikuona? Unawaleta watu wamechoka, watoto wangu wamechoka, na mimi nanuka vitunguu vya jikoni." Alikuwa anacheka. "Basi muhula uliopita nikahamisha hiki kikundi changu cha waliochelewa. Zamani kilikuwa cha asubuhi. Nikasema, kama Rula hataki waione asubuhi yangu, tutawapa mchana."

Rula alihisi kama mtu aliyevuliwa kilemba mbele za watu. Zile familia mbili. Kumbe zilichagua kwa sababu ya ratiba yake mwenyewe.

"Hongera," akasema. "Umekuwa mjanja uzeeni."

"Uzee tumeuanza wote. Ingia unywe chai."

"Miguu inauma," Rula akajibu, akaondoka.

Garini mama wa mtoto akamuuliza swali ambalo wamama wote huuliza mwishoni. "Wewe umeona shule nyingi. Huyu angekuwa wako, ungempeleka wapi?"

Rula hana mtoto.

"Nyumba mliyopewa iko upande wa bwawa," akasema. "Asubuhi hamtakaa kwenye foleni."

Haikuwa uongo. Nyumba kweli ilikuwa upande huo, na foleni ni kitu cha kweli. Mama akashusha pumzi, akasema basi, na iwe ya bwawa, angalau jambo moja limekwisha. Walipokwisha kuwateremsha, dereva alikaa muda bila kuwasha gari.

"Mama, miguu imepona. Sasa naona kuna kingine kinauma."

"Washa gari."

Jioni hiyo alikaa mezani kwetu, akasukuma sahani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Alihamisha kikundi chake kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu, wifi! Alikuwa ananicheza tangu muhula uliopita na mimi nimekaa garini kama mzigo." Akaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, Chokaa huyu, Chokaa yule, vumbi lake, sketi yake, mvi zake ambazo hata hazipakwi rangi. Nilimwacha amalize. Kisha nikamuuliza jambo moja: na mtoto?

"Mtoto gani?"

"Uliyempeleka."

Akaivuta ile sahani, hakuila, akaisukuma tena.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye nyumba ya wageni walikofikia. Alimkuta mama mtu anampakia mtoto siagi kwenye mkate.

"Jana nilikushauri vibaya," Rula akasema, bado amesimama. "Mpeleke ukuta mwekundu. Kwa yule mwalimu."

"Jana ulisema bwawa."

"Jana nilisema kwa ajili yangu. Leo nasema kwa ajili yake."

Mama akaweka kisu chini. "Kwa ajili yako? Wewe unapata nini kule bwawani?"

Rula akalinyoosha gauni lake.

"Nilikuuliza kama mama. Kumbe ulikuwa unanijibu kama dalali?"

Msichana alikuwa anamtazama, mkate umesimama hewani. Rula akawaaga, akatoka na mgongo wake umenyooka.

Hapo ndipo hongo ilipozaliwa, na iliyoizaa ni kauli moja ya kweli. Mama alimpeleka mtoto ukuta mwekundu, kisha akapiga simu kwenye kampuni. Wamama wengine wakaulizana, wakalinganisha: ninyi mliona lini bwawa? Asubuhi. Na ninyi? Asubuhi. Bosi wa ofisi ya wageni, ambaye siku zote alimwita dada, siku hiyo alimwita madam.

"Madam, walikuwa wanakupa nini?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini miaka yote ratiba ni hiyohiyo? Nani aliipanga?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

Sababu ilikuwa neno moja. Angelitamka, angetoka mle ndani bila doa la wizi. Lakini bosi angeuliza, wivu wa nani? Na karani wa viza alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekiagiza. Kabla ya jua kuzama neno hilo lingekuwa limefika ukuta mwekundu.

"Niliipanga vibaya," Rula akasema. "Ndiyo hivyo."

Hawakupata ushahidi, kwa kuwa haukuwepo. Wakamtoa kwenye shule, wakamweka kwenye nyumba. Siku hizi anakagua matangi ya maji na vitasa vya milango kabla wageni hawajaingia, na nasikia hakuna tangi linalovuja tangu aanze. Nilipomgombeza kwamba jina lililopakwa matope si lake peke yake, ni la kaka yake na la wazee wake, alinijibu, "Bora hao waseme nimeiba, kuliko Chokaa aambiwe na karani kwamba namwonea kijicho." Imechukua muda mrefu mpaka akakubali niandike haya, na amekubali kwa sababu alisikia jirani mmoja akilitaja kaburi la kaka yake katika habari za mabati.

Mtoto amejua kusoma. Habari aliileta dereva, ambaye bado huwachukua wale wageni.

"Yule binti wa mbwa anayetapika, mama, hanyamazi tena garini. Anasoma mabango yote, mpaka tangazo la dawa ya mende."

Rula alikuwa anafunga kitasa. "Umri ule angesoma popote," akasema. Kisha akaongeza, "Hata kwangu angesoma." Akageuza ufunguo mara ya pili, akaujaribu mlango. "Tena kwangu mwandiko ungenyooka."

Wanaongoja kusikia kwamba wivu umekwisha, wasingoje. Upo. Juzi alimwona Chokaa akivuka barabara na mfuko wa mboga, akanisimulia viatu alivyovaa, visigino vimeisha upande mmoja, akavisimulia kwa raha kabisa.

Jumapili iliyopita Chokaa alikuja hapa nyumbani. Hakuitwa. Rula alitoka chumbani akamwambia karibu, na wakaingia sebuleni wakafunga mlango. Nilipeleka chai, nikaweka meza ndogo katikati yao, nikatoka. Walikaa mchana kutwa. Majirani watatu wameshanijia na sukari ya kuazima ili kuniuliza walichozungumza, nani alilia, nani alicheka. Sukari nimewapa. Ya sebuleni kwangu ni ya sebuleni kwangu. Sisemi.